Mchuzi Pekee Nilioupika Kweli

Wale mliokuwa mkiniombea tangu Jumamosi iliyopita, ahsanteni, lakini pumzikeni kwanza. Maombi yenu yalifika, yakasikika, halafu nikayaharibu mwenyewe kabla ya saa tisa mchana.

Kwa msomaji anayeniokota leo njiani, habari yangu ni fupi na haina sifa. Mimi ni fundi wa majokofu. Kampuni iliniachisha kazi, nami kwa busara zangu nyingi nikamficha mke wangu miezi miwili mizima. Kila asubuhi nilibeba mkoba wa spana, nikamuaga vizuri, nikaenda kukaa kwenye benchi la kituo cha basi mpaka jioni. Siku aliyonifuma hakupiga kelele. Yeye ni muuguzi, amezoea kuwapa watu habari mbaya kwa sauti ya chini.

"Ukinidanganya tena," alisema, "hata kama ni kuhusu mvua, nitamchukua mama yangu niondoke, na hutatuona."

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ameletwa kwetu wiki hiyo hiyo. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari alikubali kumpasua, ila kwa sharti moja: afikishe kilo hamsini kwanza, maana mwili ule mkavu usingestahimili kisu. Alifika na kilo arobaini na sita, na mdomo uliofungwa. Uji hataki, mayai hataki, supu anaitazama tu hadi inapoa.

Ndipo nikafanya lile nililowasimulia. Nilikuwa nimepata kibarua cha kutengeneza friza ya mgahawa mmoja wa Kihindi, na mpishi wake, kwa shukrani, akanifungia kuku wa mchuzi kwenye kopo la plastiki. Nilipofika nyumbani nikaumwaga mchuzi kwenye sufuria yetu, nikaupasha. Mama mkwe alikula sahani nzima akaramba na vidole. Mke wangu machozi yakamlengalenga, akauliza nani kapika.

Nikasema mimi.

Neno hilo nililirudia mara kumi na moja katika wiki sita, kila mara na kopo jipya kutoka kwa mpishi yule, na mama mkwe akapanda hadi kilo arobaini na tisa. Mke wangu akawa ananitangaza wodini kwa wauguzi wenzake. Nikawa mume wa mfano, mwenye mkono wa dhahabu jikoni, na kila nilipokutana na wenzake walitaka niwape maelekezo. Niliwaambia siri ni mapenzi. Naomba radhi kwa wote waliojaribu kupika kwa maelekezo hayo.

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimesimama mbele ya mgahawa ule nikisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Umefungwa. Mpishi ameacha kazi, mwenye mgahawa ameshindwa kupata mwingine, na mimi nina mgonjwa anayesubiri chakula "changu".

Sasa sikieni yaliyofuata.

Jumatatu inayokuja mama mkwe anapimwa mara ya mwisho. Asipogusa hamsini, nafasi yake ya upasuaji inakwenda kwa mwingine, naye atasubiri miezi minne. Daktari alilisema jambo hili bila kuzunguka: baada ya miezi minne mfupa utakuwa umeunga unavyotaka wenyewe, na mama hatatembea tena bila kushikwa mkono. Mke wangu alinisimulia hayo akiwa amenigeuzia mgongo, anakunja nguo ambazo alikuwa ameshazikunja.

Basi Jumapili nikaingia jikoni. Nilikuwa na simu, na kwenye simu nilikuwa na mwanamke mwenye kucha ndefu aliyeahidi kunipa ladha ya mgahawa kwa dakika ishirini. Alikaanga vitunguu, nami nikakaanga. Alitia nyanya, nami nikatia. Baada ya dakika ishirini yeye alikuwa na mchuzi unaong'aa, mimi nilikuwa na kitu chenye rangi ya tofali na harufu ya duka la dawa.

Mama mkwe alionja nusu kijiko. Akasema kwa adabu kubwa kwamba siku hiyo alikuwa ameshiba. Hakuwa amekula chochote tangu asubuhi.

Mke wangu aliuliza mbona nimebadilisha mkono. Nikamwambia ni bizari, nimenunua duka jipya. Mnaona jinsi ilivyo rahisi. Uongo wa kwanza ndio wenye jasho, ule wa kumi na mbili unatoka wenyewe kama mtu anayepiga mwayo.

Jumanne nikajaribu tena, Jumatano tena. Nilitia maziwa, nikatia sukari, nikatia korosho za kusaga kwa ushauri wa bwana mmoja wa kwenye simu mwenye kofia ya upishi. Kila sahani ilirudi jikoni ilivyotoka. Alhamisi mke wangu alimshika mama yake kwapani, akampandisha kwenye mizani ya bafuni. Kilo arobaini na nane na nusu. Aliushusha ule mguu mbovu sakafuni taratibu, akamtoa bafuni bila kunitazama.

Ijumaa nikaamua kumtafuta mpishi. Jina la kazi wanamwita Upawa, kwa sababu katika miaka yake yote ya jikoni hakuna aliyemwona bila upawa mkononi. Mlinzi wa ule mgahawa akanielekeza. Upawa ameacha masufuria, amefungua kibanda cha kunyoa nyuma ya duka la dawa. Sikuamini mpaka nilipomkuta amevaa koti jeupe lile lile la upishi, kashika mashine ya kunyolea.

Alinieleza kwamba amechoka kuungua, na kwamba tangu aanze kunyoa hajawahi kusikia mteja akisema kichwa kimezidi chumvi. Nikamweleza shida yangu yote. Sikumficha kitu, maana mtu huyu sikuwa nimemwoa. Alicheka mpaka akaegemea kioo. Kisha akasema atanifundisha, ila nikae kwenye kiti, kwa kuwa kibanda chenye kiti kitupu kinafukuza wateja.

Kwa hiyo siri ya mchuzi wa mgahawa niliipokea nimeegemeza kichwa nyuma, povu hadi masikioni na wembe shingoni. Kuandika nisingeweza, na kuuliza swali ilikuwa hatari.

"Chukua vitunguu kilo mbili," alisema. "Vichemshe."

Nikatoa sauti ya puani.

"Vichemshe, kwa maji. Tia karoti moja, pilipili hoho moja, tangawizi, kitunguu saumu, mafuta, manjano kidogo. Saa nzima. Kisha saga mpaka iwe laini kabisa. Hilo ndilo rojo letu. Kila mchuzi uliowahi kula pale, uwe wa kuku, wa mbuzi au wa dengu, umetoka kwenye sufuria hiyo hiyo moja."

Mengine, alisema, ni dakika saba tu. Unakaanga tangawizi na saumu kwenye karai, unatia bizari na nyanya ya kopo, halafu unamwagia upawa mmoja wa rojo la moto, unauacha ushike pembeni mwa karai na kukauka kidogo, unakwangua, unamwagia mwingine. Kuku anakuja mwisho akiwa ameshaiva. Na moto uwe mkali, mkali kweli. Akanipa na majani makavu ya uwatu kwenye kipande cha gazeti, niyafikiche juu mwishoni.

Nilimshukuru, nikatoka na kidevu laini na kichwa kilichojaa mashaka. Mpishi mzima, miaka yote hiyo, aniambie siri ni kuchemsha vitunguu? Kitunguu hukaangwa. Mama yangu alikaanga, bibi yangu alikaanga, na yule mwenye kucha ndefu alikaanga. Nikaona wazi kwamba Upawa ananificha. Wapishi wana wivu na siri zao, kila mtu analijua hilo.

Wakati natoka alinifuata hadi mlangoni akanikumbusha nisikaange vitunguu. Nikamwambia hapana, nitavichemsha. Uongo huo wala siuhesabu.

Jumamosi mke wangu alikuwa na zamu ya asubuhi, kurudi saa nane. Kabla hajatoka aliniachia amri mbili. Ya kwanza, mama asisimame peke yake, ni kitandani, msalani na mezani tu, maana akiuelemea mguu ule sasa hivi atavuruga kila kitu. Ya pili, ile fremu yake ya kutembelea imelegea skrubu, niikaze leo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alisimama mlangoni kidogo akabana saa yake ya kazi kifuani.

"Mpikie vizuri leo," alisema. "Nakuomba. Tumebakiwa na siku mbili."

Sikumbuki mara ya mwisho mke wangu kuniomba kitu. Huwa ananiambia tu. Nilibaki nimesimama pale ukumbini, na kilichonijia kichwani ni kwamba lazima nikaange vitunguu vile kwa makini zaidi.

Kilo mbili za vitunguu kwenye karai moja, kwa jiko letu, ni jambo ambalo simtakii adui yangu. Vya chini viliungua wakati vya juu bado vinatoa maji. Nilikoroga, nikapuliza, nikafungua dirisha. Moshi ulitanda mpaka ukumbini. Katikati ya moshi huo nikasikia tak, tak, tak, nikajua fremu inakuja.

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jikoni, miwani puani, shuka begani. Ni mwanamke mfupi, mwembamba sasa kuliko zamani, lakini sauti haijapungua hata gramu moja.

"Mkwe, unachoma nini?"

Nikamwambia nampikia ule mchuzi wake. Nikamwomba arudi kitandani, mke wangu atanitoa roho.

"Ule mchuzi," alisema, "hujawahi kuupika hata siku moja."

Mwiko ulinitoka mkononi. Nikainama kuuokota, nikachukua muda mrefu kidogo kuliko mwiko mmoja unavyohitaji.

Wasomaji, wiki za nyuma niliwaambia kwamba mama mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Sikuwaambia ni kwa miaka thelathini na moja, sahani mia sita kila mlo. Nilidhani ni jambo la pembeni. Yeye alijua tangu siku ya kwanza. Alisema alilala chumbani akanusa harufu ya kitu kinachopashwa, hakunusa harufu ya kitu kinachopikwa. Kisha alipoonja akajua mchuzi ule umepigwa na moto mkubwa, na hili jiko letu, kwa heshima zote, linafaa kwa chai.

Nilimuuliza kwa nini hakusema, wiki sita zote hizo.

"Mtu anadanganya ili mimi nile," alisema. "Nimuumbue ili nipate nini?"

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Na papo hapo nikampenda mama yule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu mwenye uwezo wa kunifukuza nyumbani.

Aliingia jikoni bila kukaribishwa, akachungulia karai, akaniagiza nitupe vyote nianze upya. Nikamweleza alichosema Upawa. Aliposikia neno kuchemsha akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kwa kunihurumia. Akauliza nadhani nani mwenye muda wa kukaanga vitunguu vya watu mia sita. Mgahawa na bweni ni kitu kimoja, alisema, tofauti ni vitambaa vya meza.

Lakini alikuwa na sharti lake.

"Mwanangu asijue nilisimama hapa. Akijua atanifunga kitandani kwa shuka. Ukinitaja, mkwe, sili tena ndani ya nyumba hii. Hata huo mchuzi."

Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Kukubali haraka ndicho kipaji changu.

Nilimwekea kiti. Alikikalia dakika mbili, kisha nikamwona yuko wima, mkono mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye kisu. Alivikata vitunguu vipya vipande vikubwa, mara nne kwa kila kimoja, akasema vitasagwa havina haja ya urembo. Tukachemsha. Kila nilipomsihi akae aliniambia nifunge dirisha, au nifungue dirisha. Alipofunua sufuria mvuke ulimziba macho, akavua miwani akaiweka rafuni karibu na kopo la chumvi. Alisema maisha yake yote huvua miwani mahali pawili tu, bafuni na mbele ya sufuria kubwa.

Baada ya saa nzima tulisaga. Kilichotoka kwenye blenda kilikuwa rojo jepesi la njano iliyopauka. Nikaonja. Lilikuwa na utamu wa mbali na basi. Ningelikuta kwenye sinki ningelimwaga bila kuuliza. Nilihisi nimeingizwa mjini na kinyozi, na nikakaribia kusema hivyo.

Mama mkwe akaonja. Akasema hili ndilo, sasa tatizo ni moto.

Tulijaribu. Tangawizi na saumu, bizari nyembamba, giligilani, nyanya ya kopo, kisha upawa wa rojo. Lile rojo lilitulia kwenye karai kama uji, likatoa viputo viwili vya uvivu. Mama mkwe alitikisa kichwa. Alisema kwa moto huu tutapata supu, na supu ameshaikataa wiki saba.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nikamwambia, mama, moto ninao.

Nilikwenda kwenye kabati la ukumbini, nikafungua mkoba nilioubeba bure miezi miwili, nikatoa kichomeo changu cha gesi, kile cha kuunganishia mabomba ya shaba ya majokofu. Nikakiwasha. Ule mwale wa bluu ukanguruma. Mama mkwe alirudi nyuma nusu hatua, akaniangalia mimi, akaangalia moto, akashika mwiko vizuri zaidi.

"Pembeni mwa karai," alisema. "Usinichome mkono."

Nikauelekeza moto ubavuni mwa karai. Lile rojo lilishtuka, likaanza kuruka, likashika pembeni na kugeuka rangi, naye analikwangua kulirudisha katikati. Anasema mwaga, namwaga. Anasema ondoa moto, naondoa. Matone ya njano yaliruka hadi ukutani na rafuni. Mafuta yakajitenga yakaelea juu, mekundu, na harufu ikajaa jikoni, ile ile iliyokuwa ikinilaki mlangoni mwa mgahawa. Tukamtia kuku aliyeiva, tukatia krimu kidogo, nikafikicha majani ya uwatu.

Aliweka tone kiganjani akalamba. Akafumba macho. Kisha akasema niongeze chumvi kidogo, halafu nisiguse tena kitu. Akachota kijiko, akala. Akachota cha pili bila kuniangalia.

Machozi yalinitoka. Ninyi siwezi kuwadanganya, vitunguu vilikuwa vimeiva zamani. Nilikuwa mtu asiye na kazi, nimeshika kichomeo changu cha kazi, na kwa mara ya kwanza nimemlisha mtu kitu nilichokitengeneza kweli.

Saa saba nilimrudisha kitandani, nikamfunika. Nikaosha masufuria, nikapangusa ukuta, nikapuliza moshi. Nilijiona mwerevu mno. Skrubu ya fremu sikuikumbuka hata kidogo.

Mke wangu aliingia saa nane kasoro. Alimwamkia mama yake, akamsogezea fremu ili amlete mezani, nayo ikalia kwa kulegea. Nikasema pole, nitaikaza sasa hivi. Akajibu kwamba nisijisumbue, niendelee kupakua, ataikaza mwenyewe. Nikamsikia anafungua kabati la ukumbini, anatafuta bisibisi na skrubu. Nikamsikia anasogeza makopo. Nilikuwa napakua wali nikipiga mluzi.

Makopo. Mnajua fundi hatupi kitu. Kopo zuri la plastiki, lenye kifuniko cha kubana, ulitupe kweli? Mimi nilikuwa nimeyaosha yote kumi na moja, nikayatia skrubu, fyuzi na vipande vya waya. Na kwenye kila kifuniko, kwa kuwa gundi yao ni nzuri, kulikuwa na karatasi yenye jina la mgahawa na neno "kuku".

Ukumbini makopo yakaacha kusogea. Mluzi nao ukaniishia.

Tuliketi watatu. Mke wangu alimpakulia mama yake kwanza. Na mama mkwe alikula. Alikula kwa mikono miwili, mmoja kijiko na mmoja kipande cha kuku, hakupumzika. Aliponyoosha mkono kuchukua chumvi akashika kopo la vijiti vya meno, akalitikisa juu ya sahani, akalirudisha. Mke wangu alilitazama hilo kwa muda mfupi, kisha akainama chini ya kiti chake, akatoa makopo, akayapanga mezani moja juu ya jingine. La mwisho lilikuwa bado na skrubu zangu.

"Nilikuwa natafuta ya fremu," alisema.

Sikukana. Nilisema yote, kuanzia friza hadi yule wa kucha ndefu hadi kinyozi. Nilimwambia nilimwona analia kwa furaha siku ile ya kwanza, nikashindwa kuyarudisha machozi yake. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Sahani yake ilikuwa haijaguswa.

"Na huu wa leo?"

"Huu nimeupika. Kweli."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha yoyote ndani.

"Kumi na moja ya uongo, halafu wa kumi na mbili, mtamu kuliko yote, ndio wa kweli."

Nikamwambia atafute kopo la kumi na mbili nyumba nzima, hatalipata. Alinitazama usoni muda mrefu. Niliona anataka kuniamini, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya makopo yote. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya wodini:

"Umeupika mwenyewe, peke yako? Nijibu ndiyo au hapana. Nikishasikia, nitajua la kufanya."

Nyie mliokaa huko mkisoma, hebu nijibieni. Nikisema ndiyo, nimemdanganya, na safari hii ni mbele ya shahidi. Nikisema hapana, nimekiri kwamba mchuzi umetoka kwingine, au nimemtaja mama, na mama akitajwa hali, na asipokula Jumatatu imekwisha. Nilimtazama mama mkwe. Kijiko cha mchuzi kilikuwa kimesimama hewani. Alinitikisia kichwa, kidogo sana, kushoto na kulia.

"Hapana," nilisema.

Mke wangu alivuta pumzi. Akauliza nani basi. Nikamwambia siwezi kusema. Lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kumpa, na lilisikika kama la mwizi. Akamgeukia mama yake, akamuuliza kama alimwona aliyeleta chakula.

"Mimi nimelala tangu ulipotoka, mwanangu," alisema mama mkwe.

Akaweka kijiko chini. Akaisukuma sahani mbele kwa vidole viwili, nusu ikiwa bado imejaa.

"Nimeshiba."

Kumbe kwake ile hapana yangu ilikuwa nusu ya kumtaja. Niliitazama sahani ile. Gramu zote tulizozipika pamoja zilikuwa zinapoa mbele ya macho yangu, na aliyezipika nami ndiye aliyekuwa amezisukuma. Nilitaka kupiga kelele.

Mke wangu akabandua ile saa kifuani, akaiweka juu ya meza karibu na makopo. Akainuka. Nilijua anakwenda chumbani, na sanduku liko juu ya kabati, upande wa kushoto. Lakini nyayo zake zilipinda kuelekea jikoni. Nikasikia mfuniko unafunuliwa. Nikasikia kopo la chumvi linasogezwa rafuni.

Alirudi akasimama mlangoni. Mkononi alikuwa ameshika miwani, ameibana kwa vidole viwili, vioo vyake vyote viwili vimejaa matone ya njano. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama yake.

Mama mkwe alikunja macho, akainamisha kichwa mbele kidogo.

"Ni nini hicho umeshika, mwanangu?" aliuliza. "Kutoka hapa sioni vizuri."